Madoa meupe: walimtazama samaki, hawakutazama tangi

Bumu bado halijaingia na madesa yamejaa mezani, ila hii ngoja niiandike kwanza. Sisi tunaosoma Ualimu huku tukichukua Historia, ukitutajia magonjwa tunakimbilia tauni, ndui, au sotoka iliyofagia ng'ombe wa Wamasai miaka ya 1890. Mwenzangu wa chumbani ni mtu wa Biolojia, na ndiye aliyenichokoza: mbona hamsomi milipuko ya samaki wa mapambo? Nikaingia maktaba. Jamani, kuna kisa huko.

Tuanzie London. Mwaka 1853, kwenye bustani ya wanyama ya Regent's Park, lilifunguliwa jumba la kuonyesha samaki hai, na linahesabiwa kuwa la kwanza la aina yake kwa umma. Mwaka uliofuata Philip Henry Gosse akatoa kitabu chake kuhusu matangi ya kioo na Waingereza wakapata wazimu wa kuweka bahari sebuleni. Sasa fikiria, London si mji wa ufukweni. Maji ya chumvi yakishaletwa lazima yatunzwe, yachujwe, yazungushwe tena na tena. Yaani samaki wanaogelea kwenye maji yale yale, na kila kilichomo ndani hakina pa kwenda.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe, naomba tukae kidogo.

Kimelea tunachokizungumzia kinaitwa Cryptocaryon irritans. Ni kiumbe cha seli moja. Kinajichimbia kwenye ngozi na matamvua ya samaki, kinakula kwa siku 3 hadi 7, na kile kidoa cheupe unachokiona kama punje ya chumvi ndicho chenyewe, hakifiki hata milimita moja. Kikishiba kinamwachia samaki, kinashuka chini, kinanata kwenye mchanga au jiwe na kujijengea gamba. Mwenye tangi anaamka asubuhi, samaki msafi, anashangilia kwamba dawa imefanya kazi! Kumbe kule chini ndani ya gamba kimoja kinajigawa na kuwa mamia. Gamba likipasuka, watoto wanatoka kuogelea kutafuta samaki, na wana kama siku moja au mbili tu za kumpata, la sivyo wanakufa.

Baharini wengi wao hufa, kwa sababu bahari ni kubwa na samaki ameshaondoka zake. Ndani ya tangi samaki yuko palepale, hana mlango. Kwa hiyo kitu ambacho baharini ni usumbufu mdogo, kwenye kioo kinakuwa maangamizi, raundi ya pili ya madoa huwa mbaya kuliko ya kwanza na matamvua yakishaziba samaki anakosa hewa majini. Kwa maoni yangu tangi lenyewe ni nusu ya ugonjwa.

Sasa nani alikigundua? Hapa wana Historia mnisikilize. Vitabu vinaandika Brown, 1951, aliyetoa maelezo mafupi kabisa kwenye mkutano wa Chama cha Zuolojia cha London na kukipa jina linalotumika mpaka leo. Lakini Mjapani Sikama alishaandika kuhusu ugonjwa huo wa madoa meupe kwa samaki wa baharini mwaka 1937 na 1938, mojawapo kwa Kijerumani. Jina la kisayansi alikuja kulipendekeza mwaka 1961, akikiita ndugu wa kile cha maji baridi, Ichthyophthirius, ambacho kilipewa jina mwaka 1876. Kwa sheria za majina ya viumbe anayetangulia kuchapisha jina ndiye mshindi, basi Brown akabaki nalo. Aliyeuona ugonjwa kwanza na aliyekipa kimelea jina ni watu wawili tofauti. Tunalijua hilo vizuri sisi ambao milima na maziwa yetu "yaligunduliwa" na wageni, teh teh! Na uchunguzi wa vinasaba, hasa ule wa mwaka 2002, umeonyesha kwamba vimelea hivyo viwili wala si ndugu wa karibu. Vinafanana tabia tu.

Brown huyohuyo alishakieleza kimelea kingine kwenye samaki wa London mwaka 1931, kile kinachoitwa leo Amyloodinium ocellatum. Hicho madoa yake ni madogo zaidi, kama vumbi, na kinaua haraka kuliko mwenzake. Dawa yake ikaja kuandikwa na Dempster wa Steinhart Aquarium, San Francisco, mwaka 1955: salfeti ya shaba. Kwa lugha ya nyumbani ni mrututu, uleule wanaoujua watu wa kahawa. Baadaye shaba ikatumika dhidi ya madoa meupe pia, na watu wakaona mambo yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka 1966 Nigrelli na Ruggieri walikuwa wanaandika bado kuhusu milipuko ya Cryptocaryon ndani ya New York Aquarium, jumba lenye wataalamu wake wa magonjwa. Sababu ni kwamba shaba inaua wale watoto wanaoogelea. Kilichomo ndani ya ngozi hakiguswi, kilichomo ndani ya gamba hakiguswi. Ukiacha dawa mapema umefuga kizazi kipya. Ukizidisha unamuua samaki, na kamba, konokono na matumbawe ndio wanatangulia.

Aliyebadilisha mtazamo, kwa ninavyoona mimi, ni Angelo Colorni aliyefanya kazi Eilat, kwenye Bahari ya Shamu, akishughulika na samaki wa kufugwa. Kwenye maandiko yake ya 1985 na 1987 alihesabu siku za kila hatua, kisha akaitumia saa ya kimelea dhidi ya kimelea: punguza chumvi ya maji, magamba yapasuke, au hamisha samaki kwenye tangi safi kila baada ya siku 3, uviache vilivyodondoka bila mtu wa kumla. Baadaye ikaripotiwa kwamba gamba linaweza kukaa hadi siku 72 kabla ya kupasuka. Ndiyo maana wafugaji makini huacha tangi bila samaki zaidi ya miezi miwili.

Na hili linatugusa. Pwani ya Kenya inasafirisha samaki hai wa mapambo, wanaokamatwa na wavuvi wa kuzamia. Kwenye miamba ya bahari yetu yumo kangaja wa samawati mwenye pezi la njano mgongoni, Acanthurus leucosternon, anapendwa sana nje na anasifika vibaya kwa kushikwa na madoa haraka. Anasafiri kwenye mfuko wa plastiki, anafika amechoka, anamwagwa moja kwa moja kwenye tangi lenye wenzake. Akifa, mnunuzi anaagiza mwingine, na huyo mwingine anatoka kwenye miamba ileile. Karantini ya wiki chache ingemwokoa, lakini inataka tangi la pili, na duka linataka kuuza leo.

Haya, semina saa 8. Wa Biolojia mkiona nimekosea hesabu za siku, nifuateni kafeteria.