Cheti cha Kifo Kutoka Auschwitz

Ninapofundisha historia ya Ulaya ya karne ya 20, huwasisitizia wanafunzi kwamba dhuluma haikomi siku bunduki zinaponyamaza. Huweza kuendelea mezani pa karani, tena kwa lugha ya adabu. Mfano ni akaunti za Wayahudi waliouawa, zilizosalia katika mabenki ya Uswisi.

Mwaka 1934 Uswisi ilitunga sheria iliyofanya kufichua siri za mteja wa benki kuwa kosa la jinai. Wakati huohuo, Ujerumani ya Hitler iliwaadhibu vikali walioficha fedha ng'ambo. Kwa hiyo Wayahudi wengi waliweka akiba kupitia mawakili au marafiki, bila kuacha karatasi nyumbani. Usiri uliokuwa ngao ya mwenye mali ukageuka ukuta mbele ya warithi wake.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, warithi waliobisha hodi walidaiwa hati za akaunti na cheti cha kifo. Cheti hicho kingetoka wapi? Waliopelekwa moja kwa moja kwenye vyumba vya gesi hawakuandikiwa chochote. Miaka ilipita, ada za benki zikazimaliza baadhi ya akaunti, na kumbukumbu nyingi zikateketezwa.

Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1990. Mwaka 1998 mabenki makubwa yalikubali kulipa dola bilioni 1.25 katika kesi iliyosimamiwa na Jaji Edward Korman wa New York. Mwaka uliofuata, kamati ya Paul Volcker, aliyewahi kuongoza Benki Kuu ya Marekani, ilibaini akaunti 53,886 ambazo huenda zilikuwa za wahanga. Baraza lililosikiliza madai halikushikilia hati kamili: lilipima majina, anwani, saini na simulizi za familia. Pale kiasi kilipokuwa hakijulikani, lilitumia wastani wa akaunti za aina hiyo.

Nionavyo, hapo ndipo penye fundisho. Kukosekana kwa hati si ushahidi kwamba haki haikuwapo. Na mzigo wa kuthibitisha hauwezi kumwelemea yatima peke yake, ilhali daftari liko kabatini mwa anayemdai ushahidi. Mtumishi wa umma aketiye leo mbele ya mrithi asiye na karatasi ana wajibu wa kuulinda mfuko dhidi ya matapeli. Hilo halina ubishi. Lakini kabla ya kumrudisha nyumbani, na ajiulize: karatasi hii ilipotelea mikononi mwa nani?