Hamsini au sitini? Kamera yangu na mzee wa Mtua

Nilikuwa kusini, kata ya Mtua, wilayani Nachingwea. Nilikwenda kumrekodi mzee mmoja ambaye akiwa mtoto aliuona kwa macho yake mradi wa karanga wa Mwingereza. Leo nawapa kisa cha kamera kwanza, halafu historia iliyomo ndani yake.

Kamera ilikuwa ya kuazima, imenunuliwa Marekani. Nikaiwasha, nikaona picha, nikaanza kazi. Menyu sikuifungua hata mara moja. Mzee alikaa ofisini chini ya taa za tyubu akazungumza saa nzima: matrekta, vibarua, na treni iliyofika Nachingwea mwaka 1949. Niliporudi Dar na kuiangalia kazi, picha ilikuwa inapepesa mwanzo hadi mwisho. Tarehe nayo ilisoma 1 Januari 2000, maana betri ndogo ya saa ilishakufa zamani.

Kwa nini picha ipepese? Jibu liko mbali na Mtua. Mwishoni mwa karne ya 19 kampuni ya AEG ya Ujerumani ilichagua umeme wa hezi 50, na Westinghouse ya Marekani ikachagua 60. Ulaya ikafuata 50, nasi makoloni tukafuata Ulaya. Televisheni nazo zikafuata umeme. Marekani ilipitisha mfumo wa rangi wa NTSC mwaka 1953, karibu picha 30 kwa sekunde. Ujerumani Magharibi na Uingereza zilianza kurusha kwa PAL mwaka 1967, picha 25. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mapema miaka ya 70. Bara tulisubiri hadi vituo vya binafsi vilipoanza mwaka 1994. Kote huko ni PAL.

Mtasema PAL imekufa, Dar ilizima mitambo ya analojia 31 Desemba 2012. Kweli, lakini taa hazikuhama. Taa ya tyubu kwenye umeme wa hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, ila kamera iliyowekwa 60 hailingani nayo, na kila picha hupata mwanga tofauti.

Kwa hiyo, kabla hujambana mtu kwa maswali, fungua menyu: chagua 50, shata iwe 1/50, eneo la saa chagua Nairobi (ni saa yetu hiyo hiyo), andika tarehe, kisha pima weupe kwa karatasi nyeupe chini ya taa utakayoitumia. Ni dakika tatu tu. Na kwenye daftari lako kumbuka kwamba saa mbili asubuhi ya mzee ni 08:00 ya kamera, usije ukachanganya.

Mradi wenyewe ulioanza mwaka 1947 ulikwama kwa namna inayofanana na yangu. Mipango na mitambo ilitoka nje, na Kongwa, Urambo na Nachingwea zikaanza kufyekwa kabla mvua na udongo havijajulikana vizuri. Mwaka 1951 serikali ya Uingereza ikaachana nao, ikiwa imepoteza pauni milioni 36 hivi. Reli ikafungwa mwaka 1962. Nachingwea bado kuna kata inaitwa Stesheni, ila treni hakuna.

Nilipopiga simu niombe kurudi, mwanawe aliniambia mzee amelazwa, hawezi kuzungumza. Nikasema pole, nikakosa la kuongeza.

Bahati nzuri sauti ni nzima. Nimeiandika yote neno kwa neno, na tarehe sahihi nimeiweka kwa mkono. Picha ya mzee haitengenezeki. Mwenzangu unayekwenda kijijini kesho, fungua menyu kwanza.

Tuonane tena, Mungu akipenda.