Ziwa la Snay na chembe ya sigma

Nilipotea kidogo, si mnajua tena, mazoezi ya kufundisha. Nimerudi kampasi hapa Tabora na deni. Mtoto mmoja wa kidato cha tatu aliniuliza: "Mwalimu, kama hakuna aliyeiona hiyo chembe, mnajuaje ipo?" Nikamjibu, "Imo kwenye kitabu." Darasa kimya. Niliona aibu jamani, maana nilijua sijajibu kitu.

Jibu nimelikuta kwenye historia, tena ya hapa hapa. Novemba 1857 Burton na Speke waliingia Kazeh, ndiyo Tabora hii yetu. Ramani ya wamisionari Erhardt na Rebmann ilionyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya Afrika. Speke akamwonyesha mwenyeji wao, mfanyabiashara Mwarabu Snay bin Amir. Sheikh akasema hapana: Nyasa liko peke yake kusini, la Ujiji ni jingine, na Ukerewe ni jingine kaskazini, tena kubwa kuliko la Ujiji. Kumbe habari za maziwa matatu zilichanganywa zikawa ziwa moja! Kazeh ndipo njia zilipoachana, hii ya Ujiji, ile ya Karagwe, kwa hiyo wa hapa walijua habari ipi imekuja na njia ipi. Agosti 1858 Speke akafika kaskazini, akaliona.

Wanafizikia nao walikuwa na ziwa lao. Sigma ni mesoni ya skala, yaani mesoni yenye spini sifuri. Inavunjika upesi mno kuwa paioni mbili, hivyo alama yake haisimami kama kilele chembamba. Inatanda na kuingiliana na za wenzake. Miaka ya 1970 iliondolewa kwenye jedwali la chembe, ikarudishwa 1996. Miaka 20 hivi nje!

Njia ya kutenganisha habari ilikuwepo tangu 1953. Richard Dalitz, mzaliwa wa Australia, alionyesha kwamba chembe ikivunjika vipande vitatu, kila tukio unaweza kulichora kama nukta moja. Kama vipande vimetoka vyote kwa pamoja tu, nukta zinaenea sawasawa. Kama viwili vilitoka kwanza kwenye chembe ya kati, nukta zinajikusanya mahali fulani. Yaani mchoro unakwambia wamepita njia ipi.

Mwaka 2001 kundi la E791 la Fermilab, Marekani, likiwa na Wabrazili ndani yake, lilitoa matokeo ya chembe ya chamu, D, ikivunjika kuwa paioni tatu. Matukio yalikuwa kama 1,172 tu. Wakijaribu kueleza nukta bila sigma, hesabu inakataa. Wakiiweka, yenye masi ya megaelektrovolti 478 hivi, karibu nusu ya protoni, mambo yanakaa. Tena karibu nusu ya matukio yalipitia kwake. Mwaka uliofuata wakaleta ushahidi wa ndugu yake, kapa.

Tofauti ni moja: Speke alitembea akaliona ziwa. Sigma hakuna atakayeifikia kwa miguu. Ndiyo maana watu wanarudia kipimo kwa data nyingi zaidi, mahali pengine, mpaka jedwali linakubali. Leo humo inaitwa f0(500).

Kwa hiyo nikirudi darasani sitasema "imo kwenye kitabu", maana kuna wakati haikuwemo. Nitachora njia mbili kutoka Tabora, niwaulize wao: msafara huu umetokea wapi, na mmejuaje?

Nyie wenzangu mlijibuje maswali kama haya? Nisaidieni. Tupo pamoja.