Dawa Za Kisukari Na Mafuta Yanayozunguka Moyo



Ndugu zetu wa Rudewa, Kilosa na kwengineko wenye kisukari cha aina ya pili aghlabu huandikiwa vidonge vya metformini. Sasa zinasikika habari za dawa mpya "zinazoyeyusha mafuta ya moyo", na mtu anaweza kujiuliza kama auze mbuzi azifuate mjini. Tumeona ni vyema tueleze yaliyothibiti.

Mafuta hayo ni yepi?

Kila moyo una tabaka la mafuta lililogusana na misuli yake. Kwa kiasi chake yana faida: huukinga moyo na kuupa nishati. Yakizidi, jambo linalotokea sana kwa wenye kisukari, hutoa kemikali zinazochochea uvimbe, nazo hufika moja kwa moja kwenye misuli na mishipa ya moyo kwa kuwa hapana utando unaovitenganisha. Unene wake hupimwa kwa eko ya moyo.

Utafiti umeonesha nini?

Mwaka 2017, Gianluca Iacobellis wa Chuo Kikuu cha Miami, Marekani, na wenzake walitangaza kuwa waliochoma sindano za liraglutidi pamoja na metformini walipungukiwa na mafuta hayo kwa takriban 36% ndani ya miezi 6. Waliotumia metformini peke yake hawakupata upungufu wa maana. Mwaka 2020, vidonge vya dapagliflozini pamoja na metformini vilipunguza takriban 20%.

Hata hivyo, waliopimwa hawakuzidi 100 katika kila utafiti. Tafiti kubwa zaidi zimethibitisha kuwa dawa hizi huwasaidia wagonjwa wengi wa moyo, lakini haijathibiti kuwa sababu ni kupungua kwa mafuta hayo.

Je, zinabatilisha swaumu?

Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Kimataifa, Jeddah, iliamua mwaka 1997 kuwa sindano isiyo ya lishe haibatilishi swaumu. Kidonge hubatilisha, hivyo kimezwe usiku. Dapagliflozini hutoa sukari na maji kwa njia ya mkojo. Anayeitumia amuone daktari kabla ya Ramadhaan, asije akaishiwa maji mwilini. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na asiyetarajiwa kupona atalisha maskini kwa kila siku.

Nasaha zetu

Usiache metformini kwa sababu ya uvumi, wala usinunue dawa bila ya kuandikiwa. Uliza zahanati au Hospitali ya Wilaya ya Kilosa kama moyo wako unahitaji dawa hizo. Kutembea kila siku, kupunguza ugali na kuacha soda hupunguza mafuta hayo pia, wala hakuhitaji kuuza mbuzi.

Na Allaah Anajua zaidi.