Siku 109 za Natal

Ukitoka Durban kwenda kusini, barabara haiachani sana na bahari. Nimeishika njia hii nikifuata majina: Karridene, Scottburgh, Uvongo, Margate, Port Edward. Leo ni miji ya likizo, ya aiskrimu na miavuli. Lakini kati ya tarehe 18 Desemba 1957 na 5 Aprili 1958, majina haya yalisomwa magazetini kwa hofu. Papa walishambulia watu tisa katika siku 109, sita wakafa. Mpaka leo Desemba ile huitwa Desemba Nyeusi.

Wa kwanza, kijana wa miaka 16, alipoteza mguu Karridene, akapona. Siku mbili baadaye mwingine, wa miaka 14, aliuawa Uvongo. Wa mwisho alikufa Jumamosi ya kuamkia Pasaka, wakati hoteli zilipaswa kujaa.

Mimi nimelelewa pwani ambako papa ni kitoweo. Hutiwa chumvi, huanikwa, kisha huingia chunguni na tui la nazi. Kumwogopa nilijifunzia vitabuni.

Uvongo maporomoko ya mto humwagikia karibu kabisa na ufukwe. Nimefika baada ya mvua, na maji yamekuwa rangi ya chai ya maziwa. Papa wa Zambezi hupenda maji kama haya, tena hupanda mitoni bila shida. Humo ndani haoni vizuri. Anachopapasa kwa meno huenda ni samaki, huenda ni paja la mtu. Msimu ule mito ilikuwa imejaa tope, waogaji wa likizo walikuwa tele, na kule Bluff, Durban, nyangumi walikuwa bado wakichinjwa, mizoga yao ikiwavuta papa. Hakuna haja ya kumtafuta papa mmoja mwenye kisasi.

Serikali ilipeleka manowari ikatupa mabomu baharini. Papa wanane walikufa. Samaki waliokufa pamoja nao wakaelea, na papa wengine wakaja kula. Sijui kama kuna amri ya kijeshi iliyowahi kuwanufaisha adui haraka namna ile.

Durban yenyewe ilikuwa shwari. Ua wake wa kuogea wa mwaka 1907 ulibomolewa mwaka 1928, lakini tangu 1952 ilikuwa na nyavu, na katika fukwe zake zenye nyavu hajafa mtu kwa papa tangu hapo. Mwaka 1964 ikaundwa bodi maalumu, na nyavu zikaenea hata huku kusini.

Nilidhani nyavu hizo ni ukuta. Sivyo. Kila moja ina urefu wa mita 214 na kina cha mita 6, nayo huwekwa penye maji ya zaidi ya mita 10. Papa anaweza kupita chini, au akazunguka pembeni. Kazi ya nyavu hasa ni kuua papa ili wapungue, na humo hunaswa pia kasa na pomboo. Na hayo yote ilhali duniani kote, wanaouawa kwa mwaka na papa wasiochokozwa kwa kawaida hawafiki kumi.

Na takriban theluthi moja ya papa wanaonaswa hukutwa upande wa nchi kavu wa nyavu. Maana yake walikwisha kuingia, wakapita karibu na miguu ya waogaji, na walikuwa wakirudi zao baharini.