Bibi Mary Sumner, Mama Aliyewafundisha Mama Wenzake

Wazee wetu walisema, Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi walimu twaliona neno hili kuwa kweli kila mwaka, maana mtoto aingiapo shuleni huja na mafunzo ya nyumbani kwao, mema au mabaya. Lakini methali hiyo yatuachia swali: mama mwenyewe afunzwe na nani? Twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za bibi mmoja wa Uingereza, aliyeishi miaka 92, ambaye swali hilo lilimsumbua tangu alipokuwa mama kijana, na jibu lake limefika hata katika makanisa ya Afrika.

Jina lake la utoto ni Mary Heywood. Alizaliwa Swinton, karibu na mji wa Manchester, tarehe 31 Desemba 1828. Baba yake alikuwa mtu wa benki, mwenye mali. Mama yake alikuwa mcha Mungu, na desturi yake ilikuwa kuwakusanya akina mama nyumbani kwake. Mary alifundishwa nyumbani, akajua lugha za kigeni, tena akawa mwimbaji hodari. Alipokwenda Roma pamoja na mama yake ili aongeze elimu ya kuimba, alikutana na George Sumner, mwana wa Askofu wa Winchester. Wakaoana mwaka wa 1848, naye bibi arusi alikuwa na miaka 19.

Mwaka wa 1851 mumewe aliwekwa kuwa padre wa mtaa wa Old Alresford, kijiji kilichoko kusini ya Uingereza. Walijaliwa watoto watatu, binti wawili na mwana mmoja. Bibi Sumner akawalea, akamsaidia mumewe katika mafundisho ya Biblia na katika nyimbo za kanisa. Miaka 25 ikapita hivyo, kwa kazi zisizo na sifa kubwa mbele ya watu.

Lakini kulikuwa na jambo moja asilolisahau. Alipompakata mtoto wake wa kwanza, furaha yake ilichanganyika na hofu, kwa kuwa alijiona amekabidhiwa roho ya mtu, wala hakuna aliyemfundisha kazi ile. Mwaka wa 1876, binti yake mkubwa, Margaret, alipopata mtoto, hofu ile ya zamani ikamrudia. Akaona haifai binti zake na wasichana wengine waanze gizani kama alivyoanza yeye. Basi akawaita akina mama wa mtaa waje nyumbani kwa padre.

Walipokwisha kukusanyika, moyo wake ulishindwa. Hakuweza kusema neno. Ikabidi awaombe waende zao, warudi juma la pili. Wakarudi, naye akasema. Akawapa kadi zenye ahadi, wakumbuke kwamba watoto wao ni wa Mungu, na kwamba ni wajibu wao kuwalea kwa sala na kwa mfano mwema wa maisha yao wenyewe.

Yatupasa kuangalia ni nani aliowaita. Siku zile wengi walidhani kwamba wanaohitaji kufundishwa malezi ni wake wa maskini tu. Matajiri waliwaachia mayaya watoto wao, wala hawakuulizwa neno. Bibi Sumner aliwaita wote pamoja, mke wa tajiri na mke wa kibarua, maana alijua kwa nafsi yake kwamba mali haimfundishi mtu kuwa mama.

Kwa miaka 9 umoja huo ulikuwa wa mtaa mmoja. Mwaka wa 1885, katika mkutano mkubwa wa kanisa mjini Portsmouth, Askofu wa Newcastle alimwomba aseme na wanawake waliohudhuria. Akasema, na maneno yake yakawachoma moyo. Wakaenda kwao kuanzisha umoja kama ule. Ndio huo Umoja wa Mama. Mwaka wa 1892 wanachama walikuwa 60,000. Mwaka wa 1900 walipata 169,000. Mumewe, aliyekuwa askofu msaidizi tangu 1888, hakumzuia, bali alimtia nguvu. Walikaa katika ndoa miaka 61, hata bwana alipofariki mwaka wa 1909. Bibi mwenyewe alifariki Agosti 1921, akazikwa Winchester karibu na kanisa kuu.

Haifai tusifu tu, tusiseme na lililo gumu. Umoja ule ulishika sana heshima ya ndoa, hata kwa miaka mingi baada ya kufa kwake mwanamke aliyetalikiana na mumewe hakukubaliwa kuwa mwanachama. Kanuni hiyo ililegezwa katika miaka ya 1970. Twaona ilikuwa haki kuilegeza. Wako wake wengi walioachwa bila kosa lao, nao ndio wanaolea peke yao. Akikosa mume, tena akafungiwa mlango na mama wenzake, atapata wapi msaada?

Nasi huku kwetu hatukuwa wajinga wa jambo hili. Msichana alikuwa na kungwi, alikuwa na shangazi na bibi wa kumwonya kabla hajaolewa. Mengine katika mafunzo hayo tumeyaacha kwa kuwa hayakupatana na imani yetu. Lakini mara nyingi tuliyaacha bila kuweka kitu mahali pake. Leo binti huolewa mbali, huzaa mjini kati ya wageni, wala hana wa kumwuliza. Umoja wa Mama, ambao sasa una wanachama milioni kadhaa duniani, na wengi wao wako Afrika, waweza kuziba pengo hilo, iwapo wazee wa kike hawatafika kwa kuvaa sare na kuimba tu.

Basi, enyi mama mliokwisha kulea, msiseme, Sisi hatujui kusema mbele ya watu. Bibi Sumner naye hakujua siku ya kwanza. Nendeni kwa yule binti aliyejifungua juzi, mkae naye, mmweleze mliyoyaona.