Uanachama Bila Miamala: Masoko ya Hisa ya Afrika Mashariki na Ukomo wa Vyama Vyao

Soko la Hisa la Dar es Salaam hutoa takwimu mbili za thamani ya soko: ya jumla, na ya kampuni za ndani peke yake. Tofauti baina ya hizo mbili hutokana na kampuni zilizoorodheshwa kwanza kwingine, nyingi zikiwa za Nairobi: East African Breweries, benki ya KCB, Jubilee, Nation Media, Kenya Airways. Kwa anayesoma takwimu za mwaka, pengo hilo ni ushahidi kwamba utangamano umeshika mizizi. Anayefuatilia mauzo ya kila siku huona jambo jingine, maana hisa hizo huweza kukaa muda mrefu bila hata moja kubadilisha mikono, huku bei yake ikifuata tu ya Nairobi. Makala haya yanadai kwamba hali hiyo haitokani na uvivu wa vyama vinavyoyaunganisha masoko haya. Vyama hivyo vimetwishwa kazi ambayo mamlaka yake iko mikononi mwa wengine.

Vyama havikosekani. Shirikisho la dunia la masoko ya hisa lilianzishwa mwaka 1961, likiwa na sura ya Ulaya zaidi kuliko ya dunia, na likachukua jina lake la sasa mwaka 2001. Chama cha masoko ya Afrika kilizaliwa Kenya mwaka 1993. Masoko ya Nairobi, Kampala na Dar es Salaam yalitia saini hati ya makubaliano mwaka 2004 na kuunda umoja wao, na Dar es Salaam ina kiti pia katika kamati ya masoko ya nchi za SADC. Manufaa yake si ya kubeza. Soko lililoanza mauzo mwaka 1998 likiwa na kampuni moja, TOL, lilihitaji mahali pa kuchotea kanuni za uorodheshaji na mafunzo ya watumishi. Kigali, iliyofungua soko lake rasmi mwaka 2011, ilihitaji vivyo hivyo. Nairobi, yenye soko tangu 1954, ilikuwa na mengi ya kuwapa.

Lakini kufundishana ni jambo moja, na kugawana biashara ni jambo jingine. Soko la Nairobi liliuza hisa zake kwa umma mwaka 2014, la Dar es Salaam mwaka 2016. Tangu hapo wanaokutana mezani ni kampuni zenye wanahisa wanaosubiri gawio, na kila muamala unaohamia kwa jirani ni ada iliyopotea. Sioni ubaya katika hilo; ubaya ni kuendelea kuandika maazimio kana kwamba ushindani huo haupo.

Tufuate hisa moja ya East African Breweries. Mwekezaji anaishika Dar es Salaam, naye anaona bei ya Nairobi imepanda. Kanuni ya uchumi inasema atauza Nairobi, wengine watamwiga, na bei za miji miwili zitakaribiana. Kiutendaji, hisa yake imo katika hifadhi ya dhamana ya Tanzania na lazima kwanza ihamishiwe ya Kenya, kwa barua na uthibitisho wa pande zote mbili. Dalali wake hana leseni ya Nairobi, hivyo atafute dalali wa pili, na kamisheni igawanywe. Malipo yatakuja kwa shilingi ya Kenya, yabadilishwe, na gharama ya kubadilisha itakula sehemu ya faida. Hadi hisa ifike, bei iliyomvutia huenda imeshaondoka. Katika safari hiyo yote hakuna hatua hata moja ambayo umoja wa masoko unaweza kuifuta peke yake. Leseni ni ya wasimamizi wa masoko ya mitaji. Fedha za kigeni ni za benki kuu. Kodi ni ya mawaziri wa fedha.

Historia inathibitisha. Kenya ilifuta sheria ya udhibiti wa fedha za kigeni katikati ya miaka ya 1990, na Uganda ikafungua milango yake mwaka 1997. Tanzania ilisubiri hadi 2014 ndipo ikawaruhusu wakazi wa Afrika Mashariki kuwekeza kwa uhuru zaidi. Hata baada ya hapo, Vodacom Tanzania ilipouza hisa mwaka 2017, sheria iliwatambua raia wa Tanzania pekee. Hisa milioni 560 za shilingi 850 hazikupata wanunuzi wa kutosha, Bunge likabadili sheria, na wageni, wakiwemo majirani, wakaruhusiwa kununua. Mlango ulifunguliwa na uhaba wa wanunuzi, si na azimio la mkutano wowote wa masoko.

Mitambo nayo haijaziba pengo. Mradi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wa kuunganisha masoko kwa kompyuta, uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulisonga mbele bila Kenya, yaani bila soko kubwa kuliko yote ya ukanda. Mfumo wa chama cha Afrika ulioanza mwaka 2022 kwa kuunganisha masoko saba, Nairobi ikiwemo, una unyenyekevu wa kupendeza: dalali wa nchi moja hupeleka oda kwa dalali wa nchi nyingine, na malipo hufuata sheria za huko hisa iliko. Ni hatua ya kweli, ila inalizunguka tatizo la fedha bila kuligusa.

Wapo watakaotaja Abidjan. Soko lake la BRVM, lililofunguliwa mwaka 1998, linahudumia nchi nane, na hisa ya Sonatel ya Senegal hununuliwa kutoka Lomé au Bamako kama ya nyumbani. Mfano huo ni sahihi, ila mpangilio wake usisahaulike: sarafu moja na msimamizi mmoja vilitangulia, soko likafuata. Sisi tumeanza na soko huku sarafu ya pamoja ikiahirishwa mara kwa mara.

Umoja wa masoko yetu basi ujipunguzie ajenda. Uombe mambo mawili kwa benki kuu na wasimamizi: hifadhi za dhamana zitambuane ili hisa ihame bila barua, na leseni ya dalali wa nchi moja iheshimiwe katika nyingine. Yote mawili yanawezekana bila sarafu ya pamoja. Yakikataliwa, wanachama wawaambie wananchi waziwazi ni nani aliyekataa.